Daftari langu la kutambua waongo, na mtu niliyemweka mahabusu siku sabini na moja

Wakuu, habari za mihangaiko. Wakubwa wote shikamooni.

Haya ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe. Majina ya watu nimebadilisha na kituo sikitaji. Aibu nimeiacha kama ilivyokuwa.

Kwa sasa nauza vipuri vya pikipiki hapa Kalangalala, Geita mjini. Zamani kidogo nilikuwa askari mpelelezi, cheo koplo, kwenye kituo kimoja kidogo katikati ya machimbo. Kituo chenyewe vyumba vitatu, kimoja mahabusu, kimoja ofisi ya mkuu wetu wa upelelezi, na cha tatu ndicho tulichokaa wote waliobaki pamoja na pikipiki ya vielelezo ambayo mwenyewe hakuwahi kutokea.

Siku moja nikachaguliwa kwenda semina ya siku nne. Mada ilikuwa namna ya kumtambua mwongo kwa maneno anayotumia. Hakuna mashine wala waya za kifuani. Maneno yake tu.

Mkufunzi alikuwa mtu mpole mwenye projekta. Akatufundisha kwamba mtu akimdhuru mwenzake, ulimi wake unamkimbia yule aliyemdhuru. Hatamtaja jina, atasema "yule". Ataruka vipande vya habari. Ukimuuliza swali atakujibu kwa swali. Mkweli, alisema, hukumbuka hata maneno yaliyosemwa, neno kwa neno.

Niliandika yote. Daftari jipya, jalada gumu, kalamu mbili, nyekundu na bluu.

Mwishoni alisema na jambo jingine kuhusu kumjua mtu kwanza kawaida yake ya kuongea, lakini basi langu lilikuwa linaondoka saa nane na nilikuwa nimeshafunga daftari.

Nikarudi kazini nikiwa mtu mwingine. Wenzangu waliniita Profesa, nami nikaitika.

Nyumbani ndiko nilikoanza mazoezi. Nilimuuliza mke wangu, Mama Neema, nani kamaliza sukari. Akajibu, "Sukari imeisha." Nikamwambia umeona, umejitoa kwenye sentensi. Siku hiyo nilikunywa maji.

Sasa tuje kwenye kesi.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, nimwite Milembe. Alikuwa na karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na nyumba yake ipo nyuma ya karasha hilo hilo, imezungushiwa ua wa miti. Mwanamke wa kazi, anayeheshimika. Dhahabu yake alikuwa anaichoma mwenyewe uani na kuipima mwenyewe kwa mizani ndogo inayoenea kiganjani.

Siku hiyo mchana wa saa saba hivi, wakati wachimbaji wako kwenye chakula, mtu akaingia akampiga nyundo ya kichwa, akachukua dhahabu na mizani. Milembe alikutwa amelala kizingitini, hajitambui.

Aliyekamatwa ni mkwe wake. Nimwite Masunga. Mchimbaji, kijana wa miaka thelathini hivi, amemuoa binti wa Milembe anayeitwa Kabula.

Alikamatwa vipi? Alionekana anatoka mbio kwenye ule ua. Mlinzi wa karasha, nitamwita Jofrey, akapiga kelele za mwizi. Watu wakamzingira Masunga, na tulipofika tulimtoa mikononi mwao akiwa na shati nusu.

Kesi hiyo nikapewa mimi. Mkuu wetu, mtu wa Tanga, muungwana, alisema, "Profesa, hii ni yako. Tuonyeshe ulichosomea."

Nikamkalisha Masunga, nikafungua daftari.

Maelezo yake ninayakumbuka mpaka leo, kwa sababu niliyasoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kuandikiwa. Alisema hivi:

"Mke wangu alinituma nipeleke viazi. Nilifika pale kwenye ua nikasimama nje. Nikakohoa. Hakutoka mtu. Nikakohoa tena. Nikaweka viazi chini. Nikaona miguu ya yule mzee pale mlangoni, kwenye upenyo wa ua. Nikageuka. Nikatoka mbio kwenda kutafuta wanawake."

Basi.

Wakuu, kalamu nyekundu ilifanya kazi mpaka ikanitoa malengelenge kidoleni.

"Yule mzee." Mama wa mke wake, hana jina. Mstari mwekundu.

"Nikaona miguu." Nikamuuliza, uso je? Akasema hakuangalia. Mstari.

Nikamuuliza, ulipomwona yuko chini ulimgusa, ulimwinua? Akasema, "Hapana." Kwa nini? Akanyamaza, akaangalia sakafu. Mistari miwili.

"Kutafuta wanawake." Hapo niliweka na alama ya mshangao. Mtu kaona damu mchana kweupe, anakwenda kutafuta wanawake.

Nguo zake na mikono havikuwa na tone la damu. Nikaandika: amenawa.

Kisha nikamwambia, "Masunga, taja jina la mwathirika."

Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. Akasema, "Afande, kwani wewe ni wa wapi?"

Nikamwambia, "Jibu swali."

Nikaandika: anajibu swali kwa swali. Nikaweka na nyota pembeni.

Baadaye nikamkalisha Jofrey. Huyu alikuwa kijana aliyekuja kutafuta maisha kutoka mkoa mwingine, ana miezi mitano pale. Kiswahili chake kinateleza, raha hata kuandika.

Alisema, "Majira ya saa saba na dakika kumi na mbili mchana nilimsikia Masunga kwa masikio yangu akisema, Milembe, toa dhahabu. Milembe, usiponipa nakuua. Kisha nikasikia kishindo."

Majina yapo, saa ipo na dakika zake, maneno neno kwa neno. Nilitumia kalamu ya bluu peke yake. Chini nikaandika: MKWELI.

Wakuu, unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana. Ukikutwa na hatia ni miaka thelathini. Nilijua hivyo wakati naandika, na nililala usingizi mzuri.

Nimesahau kuwaambia habari za Kabula.

Kabula alikuwa na mimba kubwa. Alikuja kituoni kila asubuhi siku zile za mwanzo, ana hotpoti ya ugali na mboga, anakaa kwenye benchi letu lenye mguu mmoja mfupi. Mama yake yuko hospitali ya rufaa hajitambui, mume wake yuko ndani kwa kosa la kumuua nusu mama yake. Sijui alikuwa anagawa vipi machozi.

Aliniambia jambo moja tu. "Afande, mume wangu hawezi kuingia ule ua. Muulize mtu mzima yeyote."

Nikamjibu kwamba mke hawezi kumsema mume wake vibaya. Sikumuuliza mtu mzima yeyote.

Masunga akapelekwa mahakamani, akarudishwa rumande. Kesi ikatajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena. Milembe akaanza kufumbua macho lakini maneno hayatoki, madaktari wakasema tusimsumbue. Mimi nikawa nasubiri sifa.

(Samahani, nilikatika. Kuna mteja alikuja kutaka cheni ya pikipiki, akaipima kwa macho robo saa, akaondoka.)

Tuendelee.

Ilikuwa mwezi wa tatu wa kesi. Mama Neema alikuwa amesafiri kwenda Buseresere kumuuguza dada yake. Nikapigiwa simu na jirani wa ukweni kwangu, Ushirombo, kwamba mama mkwe wangu presha imepanda na hakuna mtu mwingine wa kumpeleka hospitali. Nikaomba ruhusa, nikaenda.

Nilimkodia bajaji. Mimi nikafuata nyuma na bodaboda. Ndivyo tunavyokwenda, msishangae.

Hospitali nikamwacha kwenye benchi, nikaenda dirishani kuandikisha. Pale alikuwapo binti mdogo, mgeni wa mkoa wetu, ana haraka.

"Jina la mgonjwa?"

"Ni yule mama pale kwenye benchi."

"Nimemwona. Jina lake?"

"Anatokea hapa hapa Ushirombo."

"Baba, jina."

"Ni mama yake na Mama Neema."

Akaweka kalamu chini. "Uhusiano wako na mgonjwa?"

Jasho linanitoka. "Namfahamu," nikasema.

Yule binti akaniangalia kuanzia viatu hadi kofia. Akasema taratibu, foleni nzima ikisikia, "Baba, huyu mama umemtoa wapi?"

Nyuma yangu bibi mmoja akaangua kicheko. "We binti, muache baba wa watu. Huyo ni mama mkwe wake, hawezi kumtaja. Ngoja nikamuulize mwenyewe."

Akaenda, akamuuliza, akarudi analitamka lile jina kwa sauti, nami nikawa nahesabu feni za darini. Ilikuwa moja.

Ndipo akili ikanijia.

Wakuu, mimi ni Msukuma, kama Masunga. Nimezaliwa na kukulia vijijini Shinyanga. Nina miaka kumi na moja kwenye ndoa na jina la mama mkwe wangu sijawahi kulitoa mdomoni. Sikai naye chumba kimoja, sili mbele yake, simwangalii usoni. Nikifika kwake nasimama nje ya ua nakohoa, mtu mwingine ndiye anayetoka kunipokea. Angeanguka mbele yangu nguo ikamvuka, ningegeuza uso na kukimbia kutafuta wanawake wamsitiri na kumwinua. Angetaka hivyo hata yeye. Hayo sikufundishwa na mtu yeyote mwenye projekta.

Na nilikuwa nimetoka kuulizwa maswali matatu, nikashindwa yote matatu. Kwa daftari langu, mimi ni jambazi sugu.

Nilikaa kwenye ngazi za hospitali. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Kila kitu alichosema yule kijana nilikuwa nakijua. Nilikijua tangu utotoni, nikakivua pale mlangoni pa semina kama mtu anavyovua kandambili, halafu nikasahau kukivaa wakati wa kutoka.

Mama mkwe alipata dawa, presha ikashuka. Nikamrudisha kwa mtindo ule ule, bajaji mbele, bodaboda nyuma.

Kesho yake asubuhi nilikuwa wa kwanza kituoni. Nikatoa nakala za faili. Safari hii sikushika kalamu.

Nikasoma ya Masunga. Kila mstari mwekundu ulikuwa heshima.

Nikasoma ya Jofrey. "Milembe, toa dhahabu. Milembe, usiponipa nakuua."

Nikasoma tena.

Mkwe wa Kisukuma anaweza kuwa mwizi, anaweza kuwa mlevi, anaweza hata kuua, sisi nasi ni binadamu. Lakini kumwita mama mkwe jina lake mara mbili kwenye pumzi moja, hapana. Hata jambazi angesema "toa dhahabu" akaishia hapo. Maneno yale hayakusemwa na Masunga. Yalitungwa na mtu asiyejua kwetu tunaishije.

Nikaenda kwa mkuu. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akakunja miwani.

"Koplo," akasema, hakusema Profesa, "unataka niiambie mahakama imwachie mtu kwa sababu anamheshimu mama mkwe wake?"

"Hapana afande. Nataka tumwite Jofrey mara moja tu. Na uwepo."

Jofrey akaja, kachana nywele vizuri. Pembeni alikaa konstebo mmoja wa kwetu Shinyanga, mtu mkimya, kazi yake kuandika. Nikamuuliza Jofrey kirafiki kabisa. Nikamwambia tunataka kujua tu hali ya ukoo, Masunga na mama mkwe wake waliishije kabla ya tukio.

"Vizuri tu," akasema. "Walikuwa wamezoeana sana."

"Walikuwa wanaongea?"

"Kila siku. Anaingia mpaka ndani, Milembe, Milembe, wanataniana."

"Chakula je?"

"Aa, wanakula wote. Sahani moja."

Konstebo akaacha kuandika.

Mkuu akamwangalia. "Vipi, kalamu imeisha?"

"Haijaisha, afande," akasema yule konstebo. "Ila hilo jambo haliwezekani." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Hata kama ni ndoto."

Mkuu wetu mtu wa Tanga, lakini si mjinga. Akavaa miwani, akasema twende tukaone anapolala huyu kijana.

Mizani ya Milembe tuliikuta kwenye ndoo ya unga wa Jofrey, chini kabisa, imefungwa kwenye kitambaa. Ina alama ya msumari aliyoichora mwenyewe Milembe. Dhahabu ilikuwa imeshauzwa. Jofrey alikaa chini pale pale kwenye unga. Alikuwa na maneno mengi sana muda wote ule, siku hiyo yakamwisha.

Wiki ile ile Milembe akaanza kusema. Nikaenda hospitali ya rufaa na askari wa kike. Milembe akasema alimwona aliyempiga, ni mlinzi wake, aliyekuwa anakunywa uji kwake kila asubuhi. Nikamuuliza kuhusu Masunga. Yule mama, kichwa kimefungwa bendeji, akanikazia macho.

"Mkwe wangu mmemfanya nini?"

Nikamwambia atatoka.

Akatoka. Jamhuri iliondoa mashtaka, na Masunga akatoka baada ya siku sabini na moja. Kabula alishajifungua wiki mbili kabla, mtoto wa kiume, mume wake hayupo na mama yake hayupo.

Siku Milembe alipotolewa hospitali, yeye alitangulia nyumbani na gari jingine, Masunga na Kabula nikawasindikiza mimi mwenyewe. Hakuna aliyeniomba. Masunga alishuka kwenye gari mbali, akasimama nje ya ule ua wa miti. Akakohoa.

Sauti ya Milembe ikatoka ndani, haijapata nguvu bado, ikamsalimu na kumuuliza habari za huko alikotoka. Masunga akajibu akiwa ameinamia ardhi, nzuri, mama. Hawakuonana uso. Yule mama alikuwa analia ndani na huyu analia nje, na ua katikati. Mimi nililia pia, kwa upande wangu, karibu na gari.

Nikaonyeshwa mtoto. Wamempa jina la Shida. Kwetu mtoto hupewa jina la yaliyokuwapo alipozaliwa, kwa hiyo sikuuliza maana.

Kabla sijaondoka nilimfuata Masunga. Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, nikasema moja tu, nisamehe. Akasema yameisha, kwa sauti ya mtu ambaye hayajaisha lakini amechoka nayo.

Nikamuuliza, kwa nini hukunieleza? Ungesema tu huyu ni mama mkwe, mimi simtaji, simgusi, ningeelewa.

Akasema, "Afande, ningeanzaje kumweleza mtu mgeni kwamba nguo ya mkwe wangu ilikuwa imemvuka? Nilitaka kwanza nijue kama wewe ni wa kwetu. Ndiyo maana nilikuuliza wewe ni wa wapi."

Akautazama ule ua, akamalizia.

"Ukasema jibu swali."

Wakuu, niliacha kazi mwaka uliofuata. Hakuna aliyenifukuza. Mkuu alitaka nibaki, hata akasema kesi ile ilimalizwa na sikio langu. Mimi nilijua pia ilianzishwa na nani.

Somo langu ni hili. Ile elimu si uongo, naomba nisieleweke vibaya. Maneno ya mtu yanamfichua kweli, na yalimfichua Jofrey. Lakini huwezi kujua mtu ameacha kusema nini mpaka ujue kwao huwa wanasema nini. Yule mkufunzi alilisema hilo dakika za mwisho. Mimi nilikuwa nawahi basi.

Daftari bado ninalo, hapa chini ya kaunta. Ukurasa wa Masunga una nyota pembeni ya lile swali lake. Niliiweka kama ushahidi wa uongo, na ndilo lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa ndani ya chumba kile.

Karibuni mchangie, na wenye matusi pia nafasi ipo, nimeyastahili. Ila kabla hujaandika chochote, tuambie kwanza wewe ni wa wapi. Mimi ni wa Shinyanga.